Tumewauzia wakulima mbegu, tukawanyima maelezo

Mnamo Novemba 2025 Mahakama Kuu ilitoa uamuzi uliowafurahisha wakulima wadogo wadogo wa nchi hii. Vifungu vya Sheria ya Mbegu na Aina za Mimea, Sura 326, vilivyokuwa vikimfanya mkulima kuwa mhalifu kwa kumgawia au kumuuzia jirani mbegu alizojihifadhia mwenyewe, vilitangazwa kuwa kinyume cha Katiba. Magazeti yaliandika, redio zikatangaza, na watetezi wa mbegu za kienyeji wakapongezana. Nami niliufurahia uamuzi huo. Hata hivyo, katika shangwe zile zote sikumsikia mtu akiuliza swali ambalo mkulima hana budi kujiuliza kabla ya kutia punje ya kwanza ardhini: ni mbegu ipi ihifadhikayo, ni ipi isiyohifadhika, na kwa nini?

Mimi ni mwalimu wa isimu. Kazi yangu ni sauti, maneno na sarufi, wala sina shahada ya kilimo. Swali hili lilinijia kwa njia ya aibu, na naomba radhi ya msomaji nimsimulie.

Shangazi yangu ni mjane mwenye ekari mbili na nusu katika Trans Nzoia. Mwaka wa 2013 alinunua mbegu chotara dukani, akapanda kwa mbolea, na Mungu akamjalia magunia 24 kwa kila ekari. Mwaka uliofuata karo ya kitindamimba wake ilimeza fedha zote za mbegu. Akafanya kama alivyofanya mama yake na nyanya yake. Alichagua mahindi manono kuliko yote ghalani, akayafunga kwa maganda yake na kuyaning'iniza juu ya meko ili moshi uyakinge na wadudu. Mvua iliponyesha aliyapukuchua, akapanda. Mbolea ilikuwa ile ile na mvua haikuwa haba. Lakini shamba lilipokomaa, mimea mingine ilikuwa mirefu kama milingoti na mingine ikimfika kiunoni. Mingine ilitoa ndevu mapema, mingine ikachelewa hadi jirani zake wakaanza kucheka. Alivuna magunia 14 kwa ekari.

Akanipigia simu. "Mwanangu, wewe umesoma hadi ukamaliza. Hebu niambie, hawa watu huzitia nini mbegu zao zisizae mara ya pili?"

Nikaanza kwa kujiamini: "Shangazi, zile ni haibridi."

"Haibridi ndiyo nini?"

"Ni mbegu chotara."

"Chotara ni mtoto wa Mzungu na Mwafrika," alinijibu. "Mahindi yangu yamezaa na nani?"

Hapo nilinyamaza. Nilikuwa nimesoma somo la urithi wa viumbe katika shule ya sekondari na kulipita kwa alama nzuri. Ningeweza kuyaandika majibu yote kwa Kiingereza hata leo. Lakini mbele ya mwanamke aliyenilea, aliyetaka kujua tu kwa nini amepoteza magunia 10 kwa kila ekari, sikuwa na sentensi hata moja yenye maana. Mwishowe aliniomba nimtafutie huko Nairobi ile dawa ya rangi ya waridi wanayozipaka mbegu za dukani, ili msimu ujao azipake zake mwenyewe. Aliamini kwamba nguvu imo katika rangi!

Msomaji asimcheke. Rangi ile huchanganywa na dawa ya kuzuia kuvu na wadudu, tena ni onyo kwamba punje hizo si za kuliwa. Haina uhusiano wowote na wingi wa mavuno. Lakini nani aliyewahi kumweleza? Kosa lake ni la mtu aliyeachwa akisie. Na makisio hayo hayo ndiyo yanayowatajirisha walaghai wanaopaka rangi mahindi ya kawaida ya sokoni na kuyauza kama mbegu, hata ikabidi shirika la KEPHIS lianzishe vibandiko vya kukwaruza kwenye pakiti ili mnunuzi ahakikishe kwa simu kwamba hajaibiwa. Mtu aaminiye kwamba rangi ndiyo mbegu ni rahisi sana kumuuzia rangi.

Ilinichukua majuma kadhaa ya kusoma na kuwasumbua wenzangu wa idara ya kilimo kabla sijaweza kumjibu. Na jibu lenyewe, ajabu, halikuhitaji neno hata moja la kigeni.

Mmea wa mahindi una ua la kiume na ua la kike, mbali mbali. La kiume ni lile shada linalochomoza kileleni, ambalo humwaga chavua, yaani ule unga wa manjano. La kike liko kiunoni, nalo ndilo hindi lenyewe. Zile ndevu zake si pambo: kila uzi umefungamana na punje moja, na punje haijai mpaka chembe ya chavua iuangukie uzi wake. Ukiona hindi lenye mapengo, fahamu kwamba kuna nyuzi ambazo hazikufikiwa. Chavua huchukuliwa na upepo, kwa hivyo mmea hupata mimba kutoka kwa jirani mara nyingi zaidi kuliko kutoka kwa nafsi yake. Mahindi ni jamii inayooa nje ya ukoo.

Sasa tuseme mtaalamu anauzuia mmea usioe nje. Analifunika hindi kwa mfuko, kisha analipaka chavua ya shada lake lenyewe. Mwaka wa pili hufanya vivyo hivyo kwa wanawe, na wa tatu, na wa nne. Kila kizazi, nusu ya tofauti zilizokuwamo ndani ya mmea hutoweka, hivi kwamba baada ya vizazi 6 imebaki sehemu moja tu katika 64. Kinachopatikana ni nasaba safi: mimea iliyofanana kama mapacha, lakini dhaifu, mifupi, yenye mahindi madogo ya kusikitisha. Mwanasayansi wa Marekani aitwaye George Shull ndiye aliyeeleza mwaka wa 1908 jambo lililofuata, ambalo hadi leo lanistaajabisha. Ukizioza nasaba mbili dhaifu kama hizo zilizotoka koo tofauti, watoto wao huinuka kwa nguvu isiyokuwamo kwa baba wala kwa mama. Hiyo ndiyo mbegu chotara. Katika mashamba ya kuizalisha, safu za mama hukatwa mashada kabla hayajamwaga unga, ili zisipate chavua ila ya safu za baba. Gharama ya pakiti inatoka kwa kiasi kikubwa katika kazi hiyo, na katika ile miaka ya kuzitengeneza nasaba zenyewe.

Watoto hao hulingana urefu na hukomaa pamoja kwa sababu kila mmoja amepokea urithi ule ule: nusu kamili ya baba na nusu kamili ya mama. Lakini wajukuu je? Hapa ndipo shangazi yangu alipoangukia. Watoto wanapozaana wenyewe kwa wenyewe shambani, kila mjukuu hupewa urithi kama kwa kura. Kwa kila sifa ambayo baba na mama walitofautiana, mjukuu mmoja kati ya wanne hupata ya upande wa babu mara mbili, mmoja hupata ya upande wa nyanya mara mbili, na wawili tu ndio wanaobaki na mchanganyiko wa wazazi wao. Chukua mfano wa hesabu tu. Ikiwa kila nasaba safi ingezaa magunia 8 kwa ekari, na mtoto wao akazaa 24, ziada ni magunia 16. Ukipanda punje za mtoto, nusu ya ziada hupotea, ukabaki na magunia 16 hivi. Hakuna aliyezitia mbegu sumu, hakuna aliyezihasi, wala hakuna mchawi. Ni kura tu.

Ni kweli kwamba hasara hailingani kwa chotara zote. Zile zilizotokana na kuoanisha aina mbili zenye mchanganyiko mwingi tangu awali hupungua kidogo kuliko zilizotokana na nasaba mbili safi. Na chotara ya kwanza iliyoenea katika nchi hii ilikuwa ya namna hiyo, jambo linalotupeleka Kitale.

Mwaka wa 1955 mtaalamu aitwaye Michael Harrison alianza huko kazi ya kuboresha mahindi. Alianza na mahindi meupe yaliyokuwa yakilimwa na walowezi, ambayo asili yake ni mbegu zilizoletwa kutoka Afrika Kusini na kabla ya hapo Marekani. Kutokana na hayo ikatolewa aina iliyoitwa Kitale Synthetic II mwaka wa 1961. Lakini Harrison alitambua kwamba alikuwa akioza ndugu kwa ndugu. Alisafiri hadi Amerika ya Kati na ya Kusini kutafuta damu ngeni, na miongoni mwa aliyorudi nayo yalikuwa mahindi ya nyanda za juu za Ecuador, yaliyosajiliwa kwa nambari 573. Yalipooanishwa na mahindi ya Kitale, watoto wao waliwazidi mahindi ya Kitale kwa takriban asilimia 40. Mwaka wa 1964 wakulima waliuziwa mbegu hiyo kwa jina H611. Katika magharibi ya nchi ilienea kwa kasi iliyolingana na ile ya wakulima wa Marekani katika miaka ya 1930 na 1940, au hata kuizidi, ijapokuwa wengi waliokuwa wakiinunua huku kwetu walikuwa na ekari chache na jembe la mkono.

Ndugu zangu wanaopenda kusema kwamba mahindi ya zamani yalikuwa "yetu" na ya sasa ni "ya kigeni" wangefaa kulitafakari neno lenyewe. Mahindi. Wapwani walikiita kitu kilichotoka ng'ambo kwa jina la Hindi, ijapokuwa kwa hakika hakikutoka Hindi. Nyumbani kwake ni Mexico, ambako watu waliyafuga kutoka kwa nyasi ya mwituni miaka ipatayo 9,000 iliyopita, kisha Wareno wakayaleta katika pwani yetu. Mahindi yetu yote ni wageni. Wengine walifika mapema tu.

Wakati Kitale ilipokuwa ikitengeneza chotara za nyanda za juu, kituo cha Katumani, Machakos, kilikuwa na tatizo jingine: mvua chache, zinazokoma kabla mahindi hayajafunga. Waliotafuta suluhisho pale katika miaka ya 1960 hawakutoa chotara. Walichanganya aina nyingi zinazokomaa upesi, wakaziacha zichavushane huria, wakawa wakichagua kizazi baada ya kizazi. Mahindi ya Katumani hayastahimili ukame kwa kuwa na nguvu kupindukia. Huukimbia, yakakomaa kabla jua halijashika. Na kwa kuwa mchanganyiko umeshatulia ndani yake, mkulima anaweza kuhifadhi mbegu kutoka shambani mwake misimu kadhaa pasipo kupata hasara kubwa, mradi achague kutoka katikati ya shamba, mbali na mahindi ya jirani, na asichukue mbegu kwa mimea miwili mitatu tu.

Basi tazama. Huko dukani kuna pakiti mbili zinazofanana kwa ukubwa, kwa rangi na kwa maneno. Moja yaweza kuzaa mbegu ya mwaka ujao na nyingine haiwezi. Ninayo mezani pakiti moja ninapoandika makala haya. Imeandikwa uzito wake, nambari yake, kiwango cha uotaji, na onyo la dawa, karibu yote kwa Kiingereza. Hakuna mahali palipoandikwa: "Hii ni chotara. Ukipanda mavuno yake, mimea haitalingana na mazao yatapungua." Ni sentensi mbili tu. Zingemwokolea shangazi yangu magunia kumi kwa ekari.

Sipendi kuamini kwamba kunyamaza huko ni hila ya kibiashara, ingawa wapo wanaoamini hivyo. Naamini ni uvivu wa lugha, na katika uvivu huo sisi tuliopewa dhamana ya Kiswahili tumo mbele. Tumeridhika na maneno matatu au manne yasiyoeleza kitu. Twasema "mbegu za kisasa", kana kwamba tatizo la zile za zamani ni umri. Twasema "mbegu bora", nalo ni neno la kusifu tu. Bora kwa nani, na mahali gani? Mbegu ya 600 na kitu iliyo bora Kitale itamfilisi mkulima wa Makueni, maana tarakimu ile 6 mwanzoni mwa jina inaashiria nyanda za juu na msimu mrefu, kama vile 5 inavyoashiria nyanda za kati. Wakulima wangapi wameelezwa hivyo? Afadhali kampuni iliyoita mbegu yake Duma, kwani angalau mwenye kusikia anaelewa kwamba itakwenda mbio.

Ama neno "chotara" lenyewe, lina mizigo. Katika vinywa vya wengi limekuwa tusi la mtu asiye na kwao, na mwalimu akilitamka darasani wanafunzi hucheka kabla hajafika kwenye mahindi. Wapo wanaopendekeza "mahaluti", wengine "mseto". Katika semina zetu tumewahi kubishana juu ya maneno hayo hadi jua likatua. Mimi sasa nasema tuchague lolote. Neno haliwi istilahi kwa kuingizwa katika orodha. Huwa istilahi pale linapofungamanishwa na maelezo, likarudiwa na walimu elfu. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ilitolewa na TUKI huko Dar es Salaam tangu mwaka wa 1990. Tumekuwa na maneno miaka yote hiyo. Tulichokosa ni watu wa kuyatumia.

Na hapa nawageukia walimu wenzangu. Katiba ya 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, lakini shuleni sayansi hufundishwa kwa Kiingereza, na somo la Kiswahili limeachiwa methali, ushairi na barua rasmi. Sidai kwamba tubadilishe lugha ya kufundishia kesho asubuhi. Nasema hivi: kifungu cha ufahamu hakikatazwi kuzungumzia uchavushaji. Mwanafunzi anaweza kuandika insha ya kumweleza mzazi wake kwa nini mbegu fulani haihifadhiki, na ikasahihishwa kwa sarufi na kwa ukweli pia. Mtaala wa umilisi unatutaka tuyahusishe masomo na maisha. Basi mwalimu wa Kiswahili na mwalimu wa kilimo wakae meza moja katika chumba cha walimu, ambako aghalabu wanapeana salamu tu.

Wengine wataniambia kwamba haja ni kuwaacha wakulima warudi kwenye mbegu za kienyeji, na mambo yote haya ya kuoanisha nasaba tuyaachie makampuni. Nawaheshimu, lakini wakumbuke mwaka wa 2011. Mwaka huo ulizuka Bomet ugonjwa uliokausha mahindi yakiwa mabichi, uliosababishwa na virusi vya aina mbili vinapokutana katika mmea mmoja. Mahindi yaliyokuwa shambani, ya kienyeji na ya dukani, yalishambuliwa bila kubagua. Mwaka wa 2013 kituo maalumu kikafunguliwa Naivasha ili maelfu ya aina za mahindi zijaribiwe kwa kuambukizwa makusudi. Mojawapo ya nasaba zilizostahimili kabisa, iitwayo KS23-6, asili yake ni Thailand. Hakuna aliyeiunda kwa ajili yetu. Ilikuwapo tu kwa sababu mahali fulani mtu hakuitupa.

Hilo lawahusu wote wawili. Mwenye kampuni hana cha kuoanisha iwapo mahindi ya kale ya vijijini yatatoweka, na mwenye mbegu ya kienyeji hana kinga ikiwa hakuna mtu wa kuipima na kuioanisha na ya mbali. Benki ya taifa ya jeni, iliyoko Muguga tangu mwaka wa 1988, huhifadhi mbegu katika baridi kwa sababu hiyo hiyo. Nilipowauliza wanafunzi wangu wa mwaka wa tatu ni wangapi wamepata kuisikia, waliinua mikono wawili, na mmoja wao alikuwa amezaliwa Kikuyu, mwendo mfupi tu kutoka pale.

Nilimrudia shangazi likizo ya Desemba. Tuliketi jikoni kwake, nikachukua hindi moja na kumweleza habari ya koo mbili, ya watoto wanaolingana na ya wajukuu wanaopigiwa kura. Alisikiliza bila kunikatiza, jambo lisilo la kawaida yake. Kisha akasema, "Basi yale yangu yalikuwa mahindi ya wajukuu." Siku hizi jirani zake wanalitumia neno hilo, nami nimelisikia sokoni kutoka kwa mtu asiyejua limetoka wapi. Yeye hununua mbegu ya ekari mbili kila mwaka, na anapokosa fedha hupanda ya wajukuu katika kipande kidogo akijua atavuna nini.

Lakini hakuniacha nipumzike. Aliniuliza: "Na maharagwe je? Haya niliyo nayo nilipewa na mama mkwe wangu nilipoolewa, nayo hayajabadilika hata kidogo." Sikuwa na jibu. Ilinibidi nirudi tena kwa wenzangu wa kilimo, wakanieleza kwamba ua la haragwe hujichavusha lenyewe kabla halijafunguka vizuri, hivyo mtoto hutoka kama mzazi, mwaka hadi mwaka. Nilimpigia simu jioni ile ile.

"Kumbe," akasema, "maharagwe ni watu wa kufunga mlango." Kisha akataka kujua kuhusu mtama.